Maji na damu ya sikoseli

SWALI: Habari za kazi. Mwanangu ana miaka 7, ana sikoseli, kila kliniki daktari anasema anywe maji sana maana protini za damu zinashikana. Mi nauliza, vitu havionekani kwa macho, wamejuaje vinashikana? Na maji yanahusikaje?
Mama wa Tabora

JIBU: Pole na kuuguza mama. Inayoshikana ni himoglobini, ile inayobeba oksijeni kwenye seli nyekundu. Mwaka 1949 kina Linus Pauling kule Marekani waliipitisha kwenye umeme, ya mgonjwa ikatembea tofauti na ya mtu mwenye afya, ndo ikajulikana tatizo liko kwenye protini yenyewe, halafu 1956 na 1957 Vernon Ingram akaikatakata akiwa Cambridge akakuta kwenye mnyororo wa asidi amino 146 (ndo vipande vinavyojenga protini) imebadilika moja tu, ya 6. Moja! Ila hiyo moja haipendi maji, kwa hiyo himoglobini ikishaachia oksijeni inajibanza kwa jirani, jirani naye kwa mwenzie, mpaka zinakuwa nyuzi. Kwa darubini ya elektroni unaziona zimesokotana kama kamba, nyuzi 14 kila kamba, ndo zinazoipinda seli ikawa mundu.

Sasa maji. Mwaka 1974 Hofrichter, Ross na Eaton walichukua himoglobini hiyo bila oksijeni, ikiwa baridi ni maji kabisa, wakaipasha joto huku wanahesabu muda. Yenyewe ni kinyume cha mafuta ya nazi, ikipata joto ndo inaganda. Lakini haigandi palepale, inatulia kwanza halafu inashikana kwa ghafla, na ukiikoleza kwa asilimia 5 tu ule muda wa kutulia unabaki kama robo. Hapo mi huwa nashika kichwa, maana seli inahitaji sekunde chache tu kuvuka vile vimishipa vyembamba irudi mapafuni, ikiwahi imepona. Mtoto akikaukiwa maji na seli zake zinakauka, himoglobini inakolea, zile sekunde zinaliwa. (Baridi ya nje ni jambo jingine, inabana mishipa, sweta avae.)

Kama maabara yenu wanapima kwa sodiamu metabaisalfaiti, waombe uchungulie. Tone la damu linachanganywa na dawa hiyo inayonyonya oksijeni, linafunikwa na kioo, ukisubiri unaona seli zilizokuwa duara zinaanza kuchongoka, moja moja.