Kwa Anayefungua Steshenari: Flashi, Kompyuta na Simu ya Duka

Anayefungua duka la kuchapa na kutoa kopi huhesabu kwanza bei ya mashine, wino na kodi ya fremu, lakini usalama wa kompyuta haumjii akilini. Nami nilianza hivyo. Mwezi wa tatu mteja alileta flashi yenye barua ya kuomba kazi. Nilipoifungua niliona shotkati tupu badala ya mafaili, nikabofya moja nione kama itafunguka, na kuanzia saa ile kila flashi iliyochomekwa kwenye mashine yangu ilitoka na kirusi. Wateja walirudi kulalamika kabla sijajua kwamba chanzo ni mimi.

Siku hizi flashi ya mteja huchomekwa kwenye kompyuta moja tu, isiyo na hesabu za duka wala barua pepe yangu, na antivairasi huikagua kwanza. Vyeti na vitambulisho vya watu hufutwa jioni, kwa kuwa si mali yetu.

Usiahirishe kusasisha Windows kwa kuogopa kumaliza bando. WannaCry, programu ya kufunga mafaili ya watu na kudai fedha iliyosambaa duniani Mei 2017, ilipenya kupitia kasoro ambayo Microsoft ilikuwa imekwisha kutoa marekebisho yake Machi mwaka huohuo, na waliokumbwa walidaiwa dola 300 kwa bitcoin ili wafunguliwe mafaili yao. Nakala zako ziweke kwenye diski ya nje, kisha uichomoe, maana ikibaki imechomekwa itafungwa pamoja na kompyuta.

Simu ya duka inataka uangalifu zaidi, kwani humo ndimo zilimo oda na fedha. Tarakimu 6 za kuthibitisha akaunti ya WhatsApp usimpe mtu yeyote, hata anayeziomba akiandika kwa jina la mteja unayemfahamu, kwa sababu huenda akaunti ya mteja huyo ndiyo iliyotangulia kuibwa; washa pia uthibitishaji wa hatua mbili, yaani PIN ya ziada ya WhatsApp. Ujumbe wa malipo nao hughushiwa, tena huletwa wakati wa foleni, kwa hiyo msaidizi wako aangalie salio la duka, asiridhike na ujumbe ulio kwenye simu ya mteja.

Kwa Tanzania, namba za matapeli wa "ile hela tuma kwenye namba hii" huripotiwa 15040, na *106# huonyesha laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako cha NIDA. Nilipoipiga mara ya kwanza nilikuta laini 3, nami natumia 2. Siku hiyo duka lilichelewa kufunguliwa hadi nilipohakikisha ile ya tatu imefutwa.