Usimpe mzee kidonge cha usingizi kabla hajapimwa

Dada wa Kigoma, hivyo vidonge viweke chini kwanza. Salamu tutapeana baadaye.

Umeandika kwamba mzee ana kansa ya mapafu, anahema kwa shida, na tangu juzi usiku anaongea yasiyoeleweka, anakuita kwa jina la shangazi yake na hataki kulala. Muuza duka la dawa kawapa vidonge vya usingizi ili "apumzike na nyinyi mpumzike". Ukauliza pia habari ya mtungi wa oksijeni, chakula, na kama ataiweza treni mpaka Dar. Hayo mengine nitakujibu siku nyingine, maana hiki cha vidonge kimenipandisha presha.

Sisi hapa Tabora tulimpa mgonjwa wetu. Baba mkubwa alikuwa mkulima wa tumbaku Urambo na mvutaji wa miaka mingi (akiulizwa anasema anaonja mzigo kabla chama cha ushirika hakijaununua). Alipougua tukamleta mjini, kwetu Isevya. Mchana alikuwa na akili zake timamu, anauliza bei ya mahindi, anaisema serikali kwa adabu. Giza likiingia anaamka anatafuta kuni. "Moto wa bani umezimika, nani yuko zamu?" Aliyewahi kukausha tumbaku anajua kwamba bani, lile banda la kukaushia kwa moto, halilaliwi, basi sisi tukacheka, tukasema uzee huo, anakumbuka kazi yake. Jirani mmoja akasema anaitwa na wa kwao. Hakuna hata mmoja wetu aliyesema ni hospitali.

Akawa hatulazi. Shemeji yangu, ambaye udaktari wake wote ameusomea kwenye simu, akaenda kwa kijana wa duka la dawa akarudi na diazepamu, vidonge vya kulaza. Cheti cha daktari hakikuulizwa. Kijana hakuuliza mgonjwa ana nini wala anahemaje. Alichouliza ni kama tuna chenji. Tukampa mzee jioni, akalala kama mtoto, na sisi tukalala. Asubuhi tukafurahi kwamba bado amelala. Mchana shangazi akatuuliza, hivi huyu analala au vipi? Tukamwita, haitiki. Midomo imekuwa ya bluu. Anavuta pumzi moja, unangoja, mpaka unadhani haiji nyingine.

Hospitali wakamvalisha kile kipimo cha kidoleni. Oksijeni ya mtu mzima wa afya husoma 95 kwenda juu, na ikishuka chini ya 90 hiyo ni hatari. Yake ilikuwa chini sana. Daktari alitugombeza, na mimi ningegombeza zaidi. Akaeleza hivi: mzee alikuwa na maambukizi kwenye pafu lile lile lenye uvimbe, hewa haimtoshi, ubongo ukikosa oksijeni unavurugika. Yaani kule kuhangaika usiku kulikuwa mwili unalia. Sisi tukaunyamazisha kwa dawa ambayo yenyewe inapunguza kasi ya kupumua, na kwa mzee inakaa mwilini siku kadhaa. Akazinduka, namshukuru Mungu, lakini kutembea hakutembea tena. Aliingia wodini amebebwa wakati wiki ile ile alikuwa anakwenda chooni mwenyewe. Yule kijana wa duka bado yupo na koti lake jeupe, kalamu mbili mfukoni, na ananisalimia vizuri tu.

Sasa nisikilize. Uzee hauingii kwa siku mbili. Mgonjwa wa kansa ya mapafu akivurugikiwa ghafla, hasa akiwa sawa asubuhi na usiku si yeye, kuna kitu kimeharibika mwilini na mara nyingine kinatibika. Kuna wengine hawapigi kelele kabisa, wanapoa tu, wanasinzia, wanajibu neno moja, na ndugu wanasema leo katulia. Huyo naye apelekwe.

Mpeleke leo, hospitali ya Maweni hapo Kigoma au kituo chochote kilicho karibu zaidi, na usitoke kabla hajapimwa oksijeni. (Kama kidole kina hina au rangi ya kucha, waambie, kipimo kinaweza kudanganya.) Apimwe sukari na malaria, hasa kama anatumia deksamethazoni (dawa ya kupunguza uvimbe), maana hiyo hupandisha sukari na yenyewe huweza kuvuruga akili. Ulizia sodiamu (ile ya kwenye chumvi) na kalisi (kalsiamu, madini ya mifupa) kwenye damu. Kuna aina ya kansa ya mapafu inayotoa homoni ya kuufanya mwili ushikilie maji, sodiamu inashuka, mtu anachanganyikiwa. Kwa mgonjwa wa namna hiyo ule ushauri wetu wa "mnyweshe maji mengi" unamzamisha, na wala usikimbilie kumlambisha chumvi nyumbani. Kalisi ikipanda utamwona ana kiu, choo kigumu, amelegea, haelewi. Hiyo ina dripu na dawa zake. Tena kansa hii hupenda kwenda kwenye ubongo, kwa hiyo kama kichwa kinamuuma, anatapika, au upande mmoja umepoteza nguvu, sema mapema wamwandikie picha ya kichwa, hata kama ni kwa rufaa.

Kuhema nako kuna sababu nyingi. Inaweza kuwa maji yamejaa pembeni ya pafu, na hayo yanatolewa kwa sindano, mtu anapata nafuu siku hiyo hiyo. Mkiwa njiani mkalishe, ainame mbele kidogo aegemee mto, madirisha yafunguliwe, mpepee usoni. Upepo usoni unasaidia kweli, hata wodini walituambia hivyo. Na wale ndugu waliojaa chumbani kumtazama anavyohema watoke nje wakachambue dagaa.

Usije ukachanganya mambo ukaikataa mofini, ile dawa kali ya maumivu, kwa sababu yangu. Dozi ndogo ya mofini ya maji, aliyoipanga daktari aliyemwona mgonjwa, hupunguza ile hali ya kukosa pumzi. Na diazepamu yenyewe madaktari huitumia, wakishajua wanatibu nini. Mimi nagombana na dawa ya kulaza aliyoitoa mtu ambaye hajamwona mzee.

Andika kwenye karatasi kila anachomeza, pamoja na mizizi kama ipo, usione aibu. Andika alianza lini kuongea hovyo na saa ngapi huzidi. Kama mmeshampa hata kidonge kimoja, litaje hilo kabla ya yote na uende na pakiti. Shemeji kama unaye, abaki nyumbani alinde kuku.