Kalsiamu ya ubongo haipimwi kwa kushika kijiti

SWALI: Shikamoo daktari. Mdogo wangu ana baipola, ugonjwa wa akili wa hisia kupanda na kushuka kupita kiasi, anatumia dawa ya lithiamu na ametulia. Juzi wauza virutubisho wamempima kwa ile mashine ya kushika kijiti cha chuma, ikatoa ripoti kwamba "kalsiamu ya ubongo imeshuka". Wamemuuzia makopo mawili ya vidonge vya kalsiamu na kumwambia aachane na lithiamu. Nami nimesoma mtandaoni kuwa baipola ina uhusiano na jeni za kalsiamu. Wamesema kweli?

JIBU: Marahaba, dada. Lithiamu asiache. Ikikatishwa ghafla mania, yaani msisimko uliopitiliza, hurudi, na hatari ya kujiua hupanda. Makopo ayaweke kando leo hii, na wiki hii apimwe damu: lithiamu, kalsiamu pamoja na albumini (protini ya damu inayobeba kalsiamu), na kreatinini inayoonyesha kazi ya figo. Damu ya kupima lithiamu hutolewa yakishapita masaa 12 tangu dozi ya mwisho, kwa hiyo kama ana dozi ya asubuhi asiimeze kabla ya kutolewa damu.

Ripoti za mashine hiyo naletewa kliniki kila mara. Kurasa zimejaa rangi, ini na figo na "mishipa ya ubongo", kila mstari na namba yake, na hakuna tone la damu lililotoka. Hospitali yenyewe haipimi kalsiamu ya ubongo. Inapima ya damu, ambayo kwa kawaida ni kati ya milimoli 2.1 na 2.6 kwa lita. Ajabu ni kwamba mashine haikosi kuona upungufu wa kitu ambacho muuzaji anacho kabatini.

Ulichosoma kuhusu jeni ni kweli. Mwaka 2013 jarida la The Lancet lilichapisha utafiti mkubwa uliolinganisha jeni katika magonjwa matano, yakiwemo baipola, skizofrenia, sonona na usonji. Miongoni mwa jeni zilizojitokeza ni CACNA1C na CACNB2, zinazounda milango ya kupitishia kalsiamu kwenye seli. Milango, si kiasi. Ndani ya seli ya neva iliyotulia kalsiamu ni kidogo mara elfu kumi hivi kuliko nje, na ile inayoingia mlango ukifunguka ndiyo inayoiamuru seli imwage kemikali za kupeleka ujumbe. Mwenye tofauti kwenye jeni hizo kwa kawaida damu yake haina upungufu wowote. Koki ikiharibika hukimbilii kujaza tangi! Tena wengi wenye tofauti hiyo hawaugui kamwe. Watafiti walipotaka kutibu mania kwa njia hii, tangu miaka ya 1980, walijaribu dawa za presha zinazoziba milango hiyo, kama verapamili, na hata hizo hazijawa tiba ya kutegemewa.

Kinachonikera hasa ni hiki: lithiamu yenyewe inaweza kupandisha kalsiamu, kwa kuzivuruga tezi za parathairoidi zilizoko shingoni, zinazodhibiti kalsiamu ya damu. Ndiyo sababu tunapima kalsiamu kabla ya kuanza dawa, kisha kila baada ya miezi 6 hivi. Sasa mtu anamwongezea makopo juu yake. Kalsiamu ikizidi huleta kiu, mkojo mwingi, choo kigumu, huzuni, hata kuchanganyikiwa. Mwili ukikauka, figo hushikilia lithiamu mpaka inageuka sumu. Nyumbani watasema ugonjwa umerudi, na muuzaji ataongeza kopo la tatu.

Upungufu wa kweli upo, na unaweza kufanana na ugonjwa wa akili. Nauona kwa mama aliyepasuliwa goita, tezi hizo zikaguswa: ganzi kuzunguka midomo, wasiwasi usio na sababu, na nikikaza mkanda wa presha mkononi vidole vinajikunja vyenyewe. Wengine hupata degedege, wakapelekwa kwenye maombi kutolewa mapepo. Huyo kalsiamu ni dawa yake, mara nyingine ya mshipani na kwa haraka, lakini ni maabara iliyomgundua.

Na ninyi wote mnaomeza lithiamu: kabla ya kununua chochote, mwambieni mfamasia mnaitumia. Diklofenaki na ibuprofeni huipandisha kwenye damu. Haidroklorothiazidi ya presha huipandisha pia, na kalsiamu juu yake. Mikono ikianza kutetemeka kuliko kawaida, mkatapika, mkaharisha au mkayumba mkitembea, msisubiri siku ya kliniki. Nendeni hospitali usiku huohuo, na makopo yote myabebe.