Mgonjwa akijibu "alhamdulillahi", niandike ngapi?

Swali: Assalaam alaykum daktari. Mimi ni muuguzi, mwenyeji wa Mombasa, na huu ni mwaka wangu wa pili Riyadh kwenye kliniki ya baridi yabisi. Kila mgonjwa inabidi nimuulize maumivu yake ni ngapi kati ya 0 na 10. Wengi, hasa kina mama watu wazima, hunijibu "alhamdulillahi" wakanyamaza. Nikisisitiza wananiona sina adabu. Mwenzangu huwaandikia 0. Halafu wakipewa methotreksati, dawa ya ugonjwa huu, baadhi yao wanaiacha baada ya wiki mbili tatu. Msimamizi wetu anasema hawa ni watu wa kumwachia Mungu kila kitu. Ni kweli? Na kwenye fomu niandike nini?

Jibu: Waalaykum salaam, dada. Kwanza mwambie mwenzako aache kuandika 0.

Wewe mtu wa pwani hili unalijua tangu utotoni. Bibi hawezi hata kuinuka kitandani, lakini ukimuuliza "hujambo?" atakujibu "sijambo", kisha ndipo aanze: "ila goti hili, mjukuu wangu..." Ile "sijambo" haikuwa taarifa ya goti. Alhamdulillahi ya wagonjwa wako ni hivyo hivyo. Ni adabu kwa Mungu na kwako uliyeuliza, na anayeanza kulalamika kabla ya kushukuru anajiona amekufuru neema. Mnachokosea ni kuondoka kabla "ila" haijafika.

Mjibu kwa alhamdulillahi pia, tulia, halafu uliza siku yake inavyokwenda. Katika baridi yabisi inayotokana na kinga ya mwili kushambulia maungio, vidole hukakamaa asubuhi kwa muda mrefu, mara nyingi saa nzima au zaidi. Goti lililochakaa, lile Waarabu wengi wanaloliita khushuna, yaani mkwaruzo, kwa kawaida hulegea ndani ya nusu saa. Basi tumia saa za mgonjwa mwenyewe: "Ulipoamka kusali Alfajiri uliweza kufunga ngumi? Jua lilipochomoza je?" Hapo umepata dakika ambazo daktari anaweza kuzifanyia kazi. Namba ya 0 hadi 10 iombe mwishoni, akishasimulia. Akikataa bado, acha kisanduku wazi na uandike maneno yake pembeni.

Hata hojaji zetu zina wenyewe. Ile inayotumika zaidi kupima ulemavu wa viungo ilitungwa Stanford, Marekani, mwaka 1980, na asili yake inauliza kama mtu anaweza kufungua pakiti mpya ya maziwa au kuoga kwenye bafu la kujilaza. Haiulizi kukaa chini kwenye zulia, kula wali kwa mkono, wala kumiminia wageni kahawa, ambako dele zito, lile birika la kahawa, hushikwa kwa mkono wa kushoto. Mama wa Kighuba akikwambia siku hizi dele anashika binti yake, amekupa habari kubwa.

Na haiulizi kusujudu. Sijui kipimo cha hospitali kinachokagua viungo vingi kwa mpigo kama sijida: vifundo vya mikono vimekunjwa nyuma, magoti yako chini, vidole vya miguu vimepinda, na uzito wa mwili umegawanyika juu ya vyote. Wagonjwa wangu walikuwa wanakumbuka mwezi waliohamia kwenye kiti kama mtu anavyokumbuka mwezi wa msiba. Ruhusa wanaijua vizuri. Hadithi ya Imran bin Husayn iko katika Bukhari: sali wima, usipoweza sali umekaa, usipoweza lala ubavu. Lakini kuijua ruhusa hakumwondolei mtu hamu ya kuweka paji la uso chini. Kwa hiyo andika kwenye faili "anasali kwenye kiti tangu Shaabani". Kwangu mimi hiyo ina uzito kuliko 7 kati ya 10.

Sasa huyo msimamizi wako. Mgonjwa anayesema "hii imetoka kwa Mungu" ndiye huyo huyo aliyepanga foleni ya famasia tangu saa moja asubuhi. Hadithi ya "jitibuni, kwani Mungu hakuweka ugonjwa ila ameuwekea dawa" anaijua kuliko wewe na mimi. Subira haimfanyi mtu atupe vidonge. Ukiulizia kwa upole, utakuta vinatupwa kwa sababu za hapa hapa duniani.

Ya kwanza ni karatasi iliyomo ndani ya boksi. Methotreksati kwa dozi kubwa hutibu saratani, na karatasi inalitaja hilo. Mgonjwa, au mwanawe, akisoma anakutana na neno "kimawi", tiba ya kemikali ya saratani, na hapo kidonge kinarudi kwenye boksi. Mwambieni mapema kwamba dozi yake ni ndogo na humezwa mara moja kwa wiki. Siku hiyo mwandikie kwa Kiarabu juu ya boksi, maana anayemeza kila siku kwa kukosea anaweza kufa. Mwambieni pia kwamba nafuu huchukua wiki 6 hadi 12. Asiyejua hilo ataona kichefuchefu kesho yake na vidole vile vile, ataacha, na mimi ningeacha.

Ya pili ni uzazi na ndoa. Msichana wa miaka 22 ambaye kwao ugonjwa umefichwa wasijue wachumba hatakwambia hofu yake mbele ya kaka yake anayemtafsiria. Mtafute mkalimani mwanamke, asiye ndugu. Methotreksati huharibu mimba, kwa hiyo ni lazima isitishwe na daktari kabla ya kushika mimba, lakini kwa dozi hii haiui kizazi, na zipo dawa kama haidroksiklorokwini ambazo mjamzito huendelea nazo. Maneno hayo mawili lazima ayasikie pamoja.

Ya tatu ni baridi, na hapa sisi hatuna pa kuwacheka. Wao husema bard (baridi) au rutuba (unyevu), wanalaumu kiyoyozi na kuoga usiku. Sisi ugonjwa wenyewe tumeubatiza "baridi yabisi", maneno mawili ya Kiarabu yenye maana ya baridi na ukavu, lugha ya utabibu wa kale wa Kiyunani na Kiarabu. Ila tazama matokeo yake: kama kisa ni baridi, dawa ni joto, na kidonge kinakuwa cha nini? Usimbishie kwamba baridi inamuumiza, kwani wengi huumia kweli. Mwambie baridi inachokoza moto uliokwisha kuwashwa na kinga ya mwili ndani ya utando wa maungio, na kidonge kinazima huo moto.

Habbat sauda na hijama (kupiga chuku) ziulize bila kukunja uso, la sivyo utafichwa. Kinachonitisha ni kuchomwa kwa chuma cha moto, kayy, kwa mtu ambaye dawa zake zinapunguza kinga. Kidonda hicho kinaweza kuoza.

Shaabani ikiingia, usingoje waulize habari za saumu. Kwa wengi dawa ya wiki huhamia baada ya futari, ila daktari athibitishe. Za maumivu zisimezwe tumbo likiwa tupu. Na anayetumia kotisoni (dawa ya steroidi) kila siku asiikatishe ghafla kwa ajili ya mfungo, maana mwili wake unaweza kuanguka. Ipo futari, na upo daku.