Kwa anayeanza kutengeneza taipureta ndogo: osha kwanza, fungua baadaye

Ukiletewa taipureta ya kubebeka, kwa mfano Olivetti Lettera 32 ya miaka ya 1960, na herufi zake zimeganda, usikimbilie bisibisi. Nyingi kati ya mashine hizi zinazoitwa mbovu hazijavunjika kitu. Zimekaa kwenye sanduku miongo kadhaa, mafuta yamekauka yakawa kama gundi, na unga wa raba za kufutia umejaa ndani. Uharibifu wenyewe huanzia kwa fundi anayefungua kila skrubu akitafuta tatizo ambalo lingeisha kwa mswaki.

Tazama kile chuma cha nusu duara kilicho katikati, chenye mipasuo zaidi ya 40. Kila mpasuo umeshika shina la herufi moja. Nakuomba sana, usitie mafuta hapo, hata tone. Nafasi ni nyembamba mno. Mafuta ya kopo la kupuliza yatailainisha kwa siku chache, kisha yatanasa vumbi na mashina yataganda kuliko mwanzo. Tumia petroli nyepesi ya kujazia viberiti. Fanya kazi mahali penye hewa, mbali na moto, na kwanza ijaribu kwenye rangi ya mashine mahali pasipoonekana. Dondosha kidogo kwenye mipasuo, sugua kwa mswaki, piga herufi zote mfululizo, futa uchafu wa kahawia unaoshuka, kisha rudia. Ikishakauka, inua kila shina polepole kwa kidole halafu liachie. Lirudi chini lenyewe bila kusita. Lililo safi na bado linasita huenda limepinda na kumgusa jirani yake. Hapo ndipo koleo linapohitajika, na hata hapo kwa upole.

Keriji, yaani sehemu ya juu inayotembea na karatasi, ina kasoro zake. Isiposogea, wengi huongeza nguvu ya springi kuu inayoivuta. Mimi sikubaliani na njia hiyo. Bana wenzo wa kuiachia keriji, isukume kwa mkono kutoka mwisho hadi mwisho, na usikilize kidole chako: kama inakwaruza au kukwama mahali, reli ni chafu, na springi haina kosa. Ukiikaza bure, meno ya gurudumu linalohesabu hatua yatalika upesi. Springi huwa dhaifu kweli pale keriji inapotembea vizuri mwanzo wa mstari na kuchoka karibu na mwisho.

Kuna wakati lazima uondoe kamba inayoiunganisha keriji na pipa la springi. Isogeze keriji kushoto kabisa, maana hapo mvuto ni mdogo. Shika kamba kwa koleo kabla hujaichomoa kwenye ndoano, usiiachie, kisha lilegeze pipa kwa kidole gumba huku ukihesabu mizunguko. Andika idadi hiyo kwenye karatasi papo hapo. Pipa likikuponyoka, springi inaweza kukatika au kuchomoka humo ndani, na kazi ya saa moja itageuka ya wiki. Kamba iliyooza naibadilisha kwa uzi imara wa kuvulia samaki, unafaa kabisa.

Wakati wa kufungua, piga picha kila hatua, na kila skrubu irudishe kwenye tundu lake mara sehemu yake inapotoka. Zinafanana kwa macho lakini urefu unatofautiana, na iliyo ndefu inaweza kuzuia wenzo usiouona. Unapofunga, zote ziingie kwanza zikiwa zimelegea, ndipo ukaze.

Rola ya mpira, ile inayozungukwa na karatasi, ikiwa ngumu kama jiwe haitalainika kwa dawa ya nyumbani. Weka karatasi ya pili nyuma ya ile unayopigia. Inatosha hadi utakapompata wa kuivisha mpira mpya.

Mwisho ni ulinganifu, na hapa utaratibu una maana kubwa. Anza na herufi ndogo: chapa "nnnn" uone kama juu na chini wino umekolea sawasawa. Hapo ndipo uje kwenye kubwa, kwa kuchapa "HhHhHh". Miguu yote isimame kwenye mstari mmoja. H ikielea juu ya mstari, shifti, yaani mtambo wa kuleta herufi kubwa, haijamaliza safari yake. Usikimbilie kurekebisha kizuizi kinachoisimamisha shifti, kwa sababu mara nyingi uchafu umeingia chini yake. Kikiwa safi na tatizo liko palepale, zungusha skrubu yake robo mzunguko tu, chapa tena, tazama. Ukianza na herufi kubwa, kila utakapogusa ndogo itabidi urudie yote.

Utepe mpya utie baada ya haya yote. Chapa ukurasa mzima, kila kitufe mara mbili, ndogo na kubwa, kabla hujarudisha kifuniko cha chini.