Bibi Asiachwe Kulinda Mikoba

SWALI: Assalaam alaykum. Sisi ni familia ya Wete, Pemba. Mungu akipenda, likizo ya Disemba tunakusudia kwenda Abu Dhabi kwenye viwanja vikubwa vya burudani, na jumla tutakuwa watu wanane: mama mkwe wangu mwenye umri wa miaka 72, mume wangu na mimi, watoto wetu watatu wa miaka 14, 9 na 4, pamoja na shemeji yangu na mkewe ambao wanaishi Maskati na watatukuta huko huko. Mama mkwe anaumwa na magoti, tena ana kisukari na anapiga sindano ya insulini asubuhi na jioni. Mume wangu anaona bora abaki hotelini mchana, sisi twende na watoto, kisha tumkute jioni. Mwenyewe anasema, "Nendeni nyinyi, mimi nitakaa na mikoba." Moyo wangu hautulii. Tumepanga siku tano, kila siku kiwanja kipya, na mtoto wetu mkubwa, ambaye ameshaandika orodha ya pembea zote anazotaka kupanda, ameambiwa na wenzake skuli kwamba Disneyland nayo ipo huko. Je, ni kweli? Tupangeje safari hii ili mama mkwe asichoke na asijione mpweke, na gharama tugawane vipi na shemeji?
Mama wa watoto watatu, Wete

JIBU: Wa alaykumu ssalaam, dada yangu. Nitaanza na lile neno la mama mkwe wako, kwa sababu ndilo linalobeba safari nzima. Mzee wa kwetu anaposema "nendeni nyinyi", mara nyingi hasemi kwamba hataki kwenda, bali anawaondolea mzigo wa kumfikiria. Nilimpeleka mama yangu mzazi kwenye kiwanja cha namna hiyo miaka kadhaa iliyopita. Naye alituambia maneno hayo hayo, nasi tukayachukua kama yalivyo. Alikaa kwenye benchi zaidi ya saa tatu akiwa amezungukwa na mikoba yetu, na tuliporudi alitupokea kwa tabasamu na kutuuliza kama tumefurahi. Picha za siku ile ninazo, na yeye hayumo hata katika moja. Ndiyo maana nakuomba umkalishe mama mkwe wako faraghani, wewe au mume wako, mumuulize swali jengine kabisa: si kama anataka kwenda, bali anataka kuona nini.

Kuhusu Disneyland, mwambie kijana kwamba wenzake wamesikia habari ya kweli lakini wameitangulia. Mnamo Mei 2025 kampuni ya Disney ilitangaza mpango wa kujenga kiwanja chake katika Kisiwa cha Yas, Abu Dhabi, lakini kutangaza si kufungua, na Disemba hii hamtakikuta. Viwanja vya Disney vilivyopo ni vile vya California, kilichofunguliwa mwaka 1955, Florida (1971), Tokyo (1983), Paris (1992), Hong Kong (2005) na Shanghai (2016). Ni vyema alijue hilo akiwa bado Wete, kwani mtoto wa miaka 14 akivunjika moyo akiwa safarini anaweza kuwavunja moyo watu saba wengine.

Hata hivyo, Kisiwa cha Yas kina mengi ya kuwatosha. Ferrari World ilifunguliwa mwaka 2010, Yas Waterworld mwaka 2013, Warner Bros. World mwaka 2018 na SeaWorld mwaka 2023, na vyote viko karibu karibu kiasi kwamba mkilala hoteli ya kisiwani humo hamtatumia muda mrefu barabarani. Ukaribu huo ndio unaowadanganya wageni wengi wakadhani wanaweza kumaliza kila kitu. Mimi nawashauri muifute ile ratiba ya kiwanja kipya kila siku. Chagueni viwanja viwili ambavyo familia yote itaingia pamoja, kimoja ambacho kijana ataingia na watu wenye magoti mazima, na baina ya siku hizo mpumzike. Bustani ya maji, yaani Yas Waterworld, ningeiacha kabisa, kwa sababu mama mkwe hatakuwa na la kufanya humo isipokuwa kulinda taulo.

Kiwanja cha kwanza cha pamoja kiwe SeaWorld, na hapa ninakusudia kueleza kwa urefu. Ndani yake mna tangi kubwa la bahari lenye zaidi ya lita milioni 25 za maji, ambamo papa, taa na kasa huogelea mbele ya vioo virefu, na mtu anaweza kukaa akawatazama kwa muda autakao bila ya kupanda wala kushuka chochote. Fikiria sasa ni nani katika watu wenu wanane anayeijua bahari. Mtoto wa miaka 9 atasoma jina la samaki kwenye kibao, lakini bibi aliyekulia Pemba atamwambia samaki yule kwao huitwaje, huvuliwa kwa mtego gani au dema la namna gani, nyama yake ikoje, na kasa walikuwa wakipanda pwani zipi kutaga mayai alipokuwa msichana. Hapo hatakuwa mtu wa kusubiriwa, kwani wajukuu watakuwa wakimuuliza yeye. Zipo pia sehemu za ncha za dunia zenye pengwini na wanyama wa barafuni, ambazo hata yeye hajapata kuziona, na ni jambo zuri mno kwa bibi na mjukuu kushangaa kitu kimoja kwa wakati mmoja.

Kiwanja cha pili kiwe Warner Bros. World, kwa sababu chote kimo ndani ya jengo lenye kiyoyozi, njia zake ni tambarare, na sehemu ya katuni ina michezo ya polepole inayomfaa mtoto wa miaka 4 na mtu mzima aliye naye. Kina Tom na Jerry mama mkwe wako bila shaka anawajua kutoka kwenye televisheni ya sebuleni. Ferrari World muwaachie kijana na baba yake, au ami yake. Humo mna Formula Rossa, gari la reli linalofikia kasi ya kilomita 240 kwa saa ndani ya sekunde tano hivi, kasi kubwa kiasi kwamba abiria huvalishwa miwani ya kukinga macho. Sharti lake ni urefu wa sentimita 140, basi mpime kijana ukutani, bila viatu, kabla ya kumuahidi. Wapime na wadogo zake pia, kwa kuwa karibu kila mchezo wa kasi una kipimo chake na mfanyakazi wa mlangoni hatamhurumia mtoto aliyepungukiwa na sentimita mbili.

Siku ambayo kijana atakuwa huko, nyinyi wengine mpelekeni mama mkwe kwenye Msikiti Mkuu wa Sheikh Zayed, uliofunguliwa mwaka 2007 na unaoweza kuchukua waumini wapatao 40,000. Kuingia ni bure. Zulia la ukumbi mkuu wa sala, lenye zaidi ya mita za mraba 5,600, lilifumwa kwa mikono na mafundi wa Iran, na mama yeyote wa Kipemba aliyewahi kusuka mkeka wa ukindu ataelewa ni kazi ya namna gani hiyo. Mwacheni akae humo apendavyo.

Sasa niseme juu ya miguu yake. Katika kiwanja kikubwa mtu hutembea kilomita nyingi bila kujijua, kwa hivyo kiti cha magurudumu hakiepukiki, na hukodishwa hapo hapo mlangoni. Wazee wetu wengi hukiona kiti hicho kuwa ni cha mtu aliyeshindwa. Msimlazimishe na wala msikitaje mbele ya watu. Mwambieni ni cha masafa marefu tu, kwamba atainuka na kutembea kila atakapo, na anayekisukuma awe mwanawe, si mgeni. Ingieni mara tu milango inapofunguliwa, kuleni kabla ya adhuhuri wakati mikahawa haijajaa, kisha alasiri mrudi hotelini mlale. Wenye nguvu wanaweza kurudi jioni. Palipo na mchezo ambao mdogo haruhusiwi, mume wako apande wewe ukae na mtoto, halafu mpokezane. Viwanja vingi vikubwa vina utaratibu wa kumruhusu mzazi wa pili apite bila ya kuanza foleni upya, basi muulizeni mfanyakazi kabla ya kupanga mstari. Muhimu ni kuwa zamu ya kukaa na mtoto isigeuke kuwa kazi ya bibi siku nzima.

Insulini isafiri katika mkoba wa mkononi, kamwe isiwekwe kwenye sanduku linalopakiwa chini ya ndege ambako inaweza kuganda na kuharibika. Kiwanjani ikae ndani ya mfuko wa baridi bila ya kugusana na barafu. Abu Dhabi imetutangulia kwa saa moja tu, kwa hivyo nyakati za sindano hazitabadilika sana, lakini daktari wake lazima aulizwe juu ya siku za kutembea kwingi, maana mwendo hushusha sukari. Awe na tende au juisi mfukoni wakati wote. Viwanja hivi kwa kawaida havipendi chakula cha kutoka nje, ila mkieleza mlangoni kuwa ni mgonjwa wa kisukari, na mkawa na barua ya daktari, mtasikilizwa. Barua hiyo ioneshe dawa zake zote. Nchi ile ni kali mno kuhusu baadhi ya dawa za maumivu, zikiwemo zenye kodini na tramadoli, ambazo haziingizwi bila ya kibali cha kabla, na mtu mwenye maumivu ya magoti anaweza kuwa nazo bila kujua. Viatu vyake viwe vya kufunika vidole na awe ameshavizoea, na kila usiku wewe au mke wa shemeji yako mumtazame nyayo, kwani mwenye kisukari anaweza kupata lengelenge asilihisi.

Kuhusu njia, msiunganishe boti ya Pemba na ndege ya kimataifa siku moja. Laleni Unguja usiku mmoja kwa jamaa. Kutoka hapo zipo ndege za moja kwa moja hadi Dubai, mwendo wa saa tano na ushei, kisha gari hadi Yas kwa saa moja na zaidi kidogo. Mnapokata tiketi ombeni kabisa kiti cha magurudumu cha uwanja wa ndege, na ndani ya ndege mama mkwe ainuke anyooshe miguu kila baada ya muda. Mtoto wa miaka 4 muombeeni kiti chake maalumu garini, na kwa sheria ya huko aliye chini ya miaka 10 hakai mbele. Disemba mchana ni mzuri kama wakati wetu wa kipupwe, ila usiku baridi hushuka, na viyoyozi vya ndani havina huruma. Mchukulieni sweta na soksi. Viza za watu sita zishughulikiwe mapema, na majina yalingane herufi kwa herufi na pasipoti.

Kwenye gharama sitasema mengi. Kila nyumba ilipe tiketi na malazi ya watu wake, gharama zote za mama wazigawane nusu kwa nusu wanawe wawili, na chakula na gari viwe na mfuko mmoja unaoshikwa na mtu mmoja. Piga hesabu kwa dola, kwa kuwa dirhamu imefungwa nayo kwa kiwango cha 3.67 hivi na haichezi. Haya yaamuliwe kwa simu kati ya ndugu wawili, mama asiwepo, asije akasikia bei yake.

SWALI: Nami nina safari kama hiyo na mjukuu wangu wa miaka 6. Ninaogopa asije akapotea kwenye umati.
Babu, Mwanakwerekwe, Unguja

JIBU: Babu yangu, mfundishe hapa hapa. Sikukuu ijayo mpeleke kwenye kiwanja cha kufurahishia watoto cha Kariakoo wakati kimejaa, mchague mahali pamoja pa kukutania, kisha mwache aongoze yeye njia ya kurudi hapo huku ukimfuata nyuma. Mfundishe kwamba akipotea asitembee wala asitoke nje ya geti, bali asimame na amwendee mfanyakazi mwenye sare, au mama aliye na watoto. Siku ya safari, mpige picha kila asubuhi akiwa na nguo alizovaa, na uiandike namba ya simu inayofanya kazi nchi ile kwenye mkono wake kwa kalamu isiyofutika kwa jasho, kwa sababu namba yako ya Zanzibar haitamsaidia kitu ikiwa simu yako umeizima.