Kodi ya Pili Ndiyo Mtihani

Karibuni kwenye kazi hii ya kuwasaidia vijana wanaolala mtaani kuhamia vyumba vya kupanga, mradi ukiwalipia kodi ya kwanza. Wengi wanaoianza hapa Dar es Salaam hufurahia siku kijana anapokabidhiwa ufunguo wa chumba. Siku ya kuangalia ni ile kodi ya kwanza inapoisha. Hapo ndipo vijana wengi hurudi kulala Feri au kwenye vibaraza vya maduka Kariakoo.

Anza na umri. Aliye chini ya miaka 18 ni mtoto kwa Sheria ya Mtoto ya 2009, hivyo usimtafutie chumba cha kupanga. Mfikishe kwa afisa ustawi wa jamii, au piga 116, namba ya simu ya huduma kwa mtoto. Yanayofuata ni ya waliotimiza miaka 18.

Kabla ya chumba, shughulikia karatasi. Bila namba ya NIDA, yaani ya kitambulisho cha taifa, kijana hasajili laini ya simu kwa jina lake. Bila laini yake, pesa anazitunza mfukoni au kwa mshkaji, na kote kuwili hazifiki asubuhi. Kinachokwamisha zaidi ni majina. Mtaani anaitwa hivi, shuleni aliandikwa vile, na kituo kilichomlea kilimpa jina la tatu. Kaeni chini mchague majina matatu yanayolingana na karatasi kongwe kuliko zote alizonazo: kadi ya kliniki, cheti cha ubatizo au cheti cha darasa la saba. Majina hayo ndiyo yaende RITA kwa cheti cha kuzaliwa, kisha NIDA. Barua ya utambulisho ya serikali ya mtaa nayo ina ugumu wake, kwa sababu mjumbe hawezi kumtambulisha mtu asiyemjua. Usimtume peke yake. Nenda naye kwenye mtaa anakofanyia kazi, pamoja na mtu anayempa kibarua kila siku, na ikibidi afisa ustawi wa kata.

Sasa hesabu. Tuseme chumba ni shilingi 40,000 kwa mwezi na mwenye nyumba anataka miezi mitatu mbele. Hiyo ni 120,000, na dalali huchukua kodi ya mwezi mmoja, jumla 160,000. Bado godoro, ndoo mbili, jiko, sufuria na kufuli. Mradi ukilipa yote hayo, kijana ana siku 90 za kutafuta 120,000 nyingine. Akiweka 1,500 kwa siku atafikisha kwa siku 80, na siku kumi zinabaki za homa na mvua, maana mbeba mzigo akiumwa hana kipato. Aanze kuweka wiki nne kabla ya kuhamia. Akishindwa kuweka 1,500 akiwa bado hana chumba, tatizo ni kipato, na chumba hakitaliondoa. Ahirisha kuhama, tafuteni kwanza kazi ya pili au mafunzo.

Usidanganywe na chumba cha bei ndogo Chanika, pembezoni mwa jiji, kama kibarua chake ni Kariakoo alfajiri. Jumlisha nauli ya kwenda na kurudi kwa siku 26 za kazi kwa mwezi, kisha ulinganishe na chumba cha Buguruni. Kwa aliye kwenye methadone, dawa ya kutibu uraibu wa heroini, angalia umbali wa kliniki ya Muhimbili, Mwananyamala au Temeke kabla ya kuangalia bei, kwa kuwa wengi hunywa dozi kila siku palepale.

Mkataba uandikwe kwa jina lake, na pesa aikabidhi yeye mwenyewe mbele yako. Mwenye nyumba aliyezoea kulipwa na mradi atakupigia wewe kila taa zikizimika. Ulizeni mapema LUKU, yaani umeme wa kulipia kabla, inachangwaje na zamu ya kuosha choo ikoje. Ugomvi wa nyumba za kupanga mara nyingi huanzia hapo, na mgeni aliyetoka mtaani ndiye hulaumiwa kwanza.

Wiki za mwanzo atarudi kijiweni kulala. Ukimya wa chumba unatisha kwa mtu aliyezoea kulala katikati ya wenzake, kwa hiyo usimkaripie. La hatari zaidi ni wenzake kumfuata: leo mmoja, kesho wanne, na majirani wanalalamika. Kumfukuza rafiki aliyekulinda usiku ni jambo zito sana. Pangeni naye mapema atakachowaambia, au wapange wawili wanaoaminiana, kila mmoja ajue sehemu yake ya kodi. Mtembelee mara mbili kwa wiki mwezi wa kwanza, na usiache kumtembelea mpaka kodi ya pili ilipwe.